Chupa ya Rafu ya Juu

Tarehe 9 Januari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mama anakusalimu, na ameniagiza nikuandikie kwamba mguu wake haumsumbui tena ila akipanda ngazi, kwa hiyo ameamua mgonjwa ni ngazi. Cherehani yake bado inakata uzi. Mimi ni mzima. Mtihani wa mwisho tulimaliza Novemba, na tangu hapo niko nyumbani nikisubiri matokeo. Mama anasema mtu anayesubiri matokeo anakula kuliko anayefanya kazi.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nakuwa bubu. Mara ya mwisho ulipopiga tulisikilizana tukipumua mpaka salio lako likaisha, na nilikuwa na mengi.

Jambo lenyewe ni hili. Jumatatu mwalimu mkuu aliniita ofisini. Nilidhani nimekosea kitu, unanijua. Akasema mhudumu wa maabara anaacha kazi mwishoni mwa mwezi wa sita, anakwenda kuishi kwa binti yake, na kwamba wangependa nianze kumsaidia mwezi ujao ili akiondoka nishike ufunguo. Ufunguo wa stoo, mjomba. Ule ule, wenye kamba ya bluu uliyoisuka wewe.

Nilisema "ahsante mwalimu" nikatoka, na ahsante haikuwa jibu. Ile kazi ni yako. Tangu moto ule wa stoo, na tangu wakuachishe kazi, sasa ni miaka minne na sijaingia stoo hata mara moja. Vipindi vya kemia nilikaa dawati la mwisho, mbali na mlango wake. Koti lako jeupe liko nyuma ya mlango wa chumba cha mbele. Mama hulifua kila mwanzo wa mwezi, halafu analirudisha kwenye msumari. Niliwahi kumuuliza kwa nini analifua na hakuna anayelivaa. Akasema vumbi haliulizi kama mwenyewe yupo.

Rudi basi. Ukirudi nitamwambia mwalimu mkuu kwamba mtu wao wanaye. Kama huwezi, niambie nifanye nini. Na ulilonifanyia siku ile ya moto sijalisahau. Sijawahi kulisema, lakini nalijua.

Mpwa wako,
Sisimizi


Tarehe 2 Februari

Sisimizi,

Marahaba. Umekua, siku hizi barua yako ina aya. Mwambie dada ngazi ikizidi kuugua aifunge bendeji. Mimi ni mzima. Nimekonda kidogo, lakini huku kila mtu amekonda isipokuwa bosi.

Uliwahi kuuliza nafanya nini hasa kwenye yadi hii ya vyuma chakavu. Nachambua. Asubuhi malori yanamwaga mlima, mpaka jioni sisi tumeugeuza kuwa vilima. Shingoni nina sumaku yenye kamba. Kinachong'ang'ania sumaku ni chuma, kinakwenda kushoto. Kisichong'ang'ania nakikwangua kwa tupa. Kikiwa chekundu ndani ni shaba, kikiwa cha njano ni shaba iliyochanganywa na zinki, kikiwa cheupe na chepesi ni alumini. Kikiwa kizito na laini, kikaacha mstari kwenye karatasi kama penseli, hiyo ni risasi, na ukimaliza unanawa mikono kwa sabuni. Rangi ya nje haina maana hapa. Kila kitu kimepakwa rangi, au kimebeba kutu ya mwenzake. Naipenda kazi hii. Hata ukikosea, shaba iliyolala kwenye kilima cha alumini haimchomi mtu.

Wenzangu wananiita Mzee Kurudi. Nikifunga lango jioni natembea hatua kumi, narudi kulitikisa. Natembea tena, narudi tena. Juzi mmoja akaniuliza, "Mzee Kurudi, na kwenu utarudi lini, au kule hakuna kufuli?" Wakacheka. Nami nikacheka.

Kazi ya maabara ichukue. Habari ya mimi kurudi tuiache kwanza. Kuna mvua, kuna malori, bosi naye hataki kusikia. Na hilo unalosema nilikufanyia siku ya moto silielewi. Siku hiyo sikumfanyia mtu yeyote kitu ila hasara.

Msalimie dada.

Mjomba


Tarehe 21 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Sote wazima. Mama ameshona mapazia mapya ya chumba cha mbele na anasema si kwa ajili yako, ila rangi amechagua ile unayoipenda.

Nimeanza kazi. Stoo wameipaka chokaa, lakini nyuma ya rafu ya chini lile doa la moshi limejitokeza tena. Wanasema kila mwaka wanalipaka na kila mwaka linarudi. Mhudumu ni mtu mwema, ila chupa amezipanga kwa ukubwa, ndefu nyuma na fupi mbele, kama picha ya darasa. Nilijikaza nikamuuliza, "Hii tindikali mbona iko pamoja na unga wa zinki?"

Akaniangalia. "Zina kimo kimoja."

Nikaendelea kufuta vumbi.

Nataka kuzipanga kama ulivyozipanga wewe, lakini sikumbuki yote. Nakumbuka ukisema jedwali la elementi la ukutani linawasimamisha kwa ukoo, kila mtu kwenye safu yake, na rafu ni nyumba wanayokaa, na si kila ndugu anaweza kulala chumba kimoja na nduguye. Nakumbuka zile gesi za safu ya mwisho, zisizoungana na chochote, ulisema ni mimi nikiona wageni. Nilikununia wiki nzima. Sasa natamani unitanie tena hata mbele ya watu.

Rafu ya juu kabisa, mahali palipokuwa na chupa ya sodiamu, ni patupu. Mwalimu mkuu hataki inunuliwe tena, wanafunzi wanaiona kwenye picha tu. Kila nikiinua macho naona nafasi ile na nageuka kutazama mlango, kana kwamba umetoka kwenda kuchota maji.

Niandikie mpangilio wako, chupa kwa chupa. Au njoo likizo ya Aprili unionyeshe. Najua kwa nini hutaki kuzungumzia siku ile. Nilikuwa nje ya dirisha, nilisikia ulivyomjibu mwalimu mkuu. Hatutaizungumzia kama hutaki. Njoo tu.

Mpwa wako,
Sisimizi


Tarehe 3 Aprili

Sisimizi,

Marahaba. Sitasingizia posta. Barua yako imekaa mfukoni mwangu tangu wiki ya kwanza ya Machi, mpaka imepata alama ya tupa.

Mpangilio sitakuandikia.

Unasema ulisikia nilivyojibu. Basi ulisikia ukweli. Mwalimu mkuu aliuliza nani aliiweka chupa ya sodiamu rafu ya chini, nikasema, "Nani mwingine, mwalimu? Ufunguo ninao mimi." Sikuwa na jibu lingine, na mpaka leo sina. Kwa miaka kumi na moja, kila Ijumaa, nilimwaga ndoo ya maji kwenye sakafu ile na kusukuma ufagio chini ya rafu bila kuinama kutazama, kwa sababu nilijua waliokaa chini hawagombani na maji. Chuma, shaba, bati, risasi. Ijumaa ile ufagio uligonga kioo, chupa ikapasuka, na maji yakaifikia sodiamu kabla sijaelewa nimesikia nini. Yaliyobaki unayajua, na mkono wangu wa kushoto unayajua.

Nimeitafuta siku niliyoishusha. Miaka minne naitafuta kichwani na siioni. Mtu anayeweza kuishusha sodiamu mpaka sakafuni kwa mikono yake mwenyewe halafu asikumbuke, mtu huyo asipange chupa. Mwaka juzi hospitali moja ya huku ilinitaka kwenye stoo ya dawa. Nilifika mpaka mlangoni, nikaona rafu, nikageuka. Ndiyo maana niko kwenye vyuma, na ndiyo maana narudi kutikisa lango.

Sasa umejua. Usimwambie dada, atakuja kunichukua na mguu wake ule.

Mjomba


Tarehe 12 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mama ni mzima. Mimi si mzima.

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikakaa chini. Nimeanza barua hii mara nyingi na kila mara nazunguka, kwa hiyo sasa naandika kabla sijaogopa.

Ni mimi niliyeishusha chupa. Si wewe.

Alhamisi ya siku moja kabla ya moto ulimpeleka mama hospitali kwa ajili ya mguu, ukaniachia ufunguo nioshe testi tyubu. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Wiki hiyo tulikuwa tumefundishwa metali na simetali, na mimi nilikuwa nachambua kila kitu, vijiko, vifungo, mpaka meno ya zipu. Nikaiona sodiamu juu peke yake ndani ya mafuta yake ya taa, na metali nyingine zote ziko chini pamoja. Nikasema moyoni, mjomba amepitiwa. Hii nayo ni metali. Inang'aa ikikatwa, inapitisha umeme, kwa nini imetengwa na wenzake. Nilipanda kiti nikaishusha kwa mikono miwili. Nikaiweka kati ya shaba na risasi, nikaifuta vumbi, nikaigeuza ili lebo itazame mbele.

Nilitaka uione mwenyewe. Nilikuwa nimeshalipanga hata neno utakalosema. Uliporudi jioni ulikuwa umechoka, hukuingia ndani, ulisimama mlangoni ukauliza, "Umefanya nini leo?" Nikajibu, "Nimeosha testi tyubu tu." Nilikuwa nakuficha jambo la kufurahisha. Nililala nikingoja asubuhi ufurahi.

Asubuhi ilikuwa Ijumaa.

Nilipokuwa dirishani, na wewe umeshika mkono wako ndani ya ndoo, ulisema "Nani mwingine, mwalimu?" na ukatazama upande wangu. Nilidhani umeniona. Nilidhani umekwisha kujua na unanificha. Ulipoondoka nilidhani unaondoka kwa ajili yangu, na kila mwaka usiporudi nilidhani ndiyo bei yake, nikanyamaza ili nisiiharibu zawadi yako. Mwaka uliofuata mwalimu alifika kwenye safu ya kwanza ya jedwali. Akasema hizi ni ndugu kweli, na kadiri unavyoshuka kwenye safu yao hasira inaongezeka, ndiyo maana zinawekwa ndani ya mafuta, zisiguse hewa wala maji. Niliomba ruhusa ya kwenda nje na sikurudi mpaka kengele.

Sikujua kwamba ulikuwa unajitafuta. Ningejua ningesema. Naandika hivyo, halafu naogopa kwamba labda nisingesema.

Mikono yako haijakosea kitu, mjomba. Hukukumbuka kwa sababu hakukuwa na cha kukumbuka. Niandikie, hata kama ni kunitukana.

Sisimizi


Tarehe 6 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo. Hujajibu na sikulaumu. Kila Jumanne na Ijumaa napita kwenye sanduku la barua la shule. Karani ameshanizoea, akiniona mlangoni anatikisa kichwa kabla sijafika, ili nisijisumbue kutembea.

Mama nimemwambia. Alikuwa anashona sketi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akamaliza pindo, akakata uzi kwa meno, ndipo akasema, "Ulikuwa na miaka kumi na minne, hilo nakusamehe. Lakini kumi na tano ulikuwa nayo pia. Na kumi na sita." Siku hiyo hakuniita kula, nilikwenda mwenyewe. Koti lako amelifua katikati ya mwezi.

Kisha nilikwenda kwa mwalimu mkuu. Nilisema nikitazama viatu vyake.

"Inua sauti," akasema. "Kwa sauti hiyo nitasikia nusu, na nusu nyingine nitaibuni mwenyewe."

Nikasema tena, yote, mpaka lebo niliyoigeuza. Akatoa daftari la matukio kabatini, akafungua ukurasa wa mwaka ule. Palikuwa pameandikwa "uzembe wa mhudumu", na jina lako. Akanipa kalamu. "Andika hapo chini. Usifute cha juu, atakayesoma aone vyote viwili." Niliandika mistari sita. Mkono wangu una mwandiko mzuri, unajua, lakini ile mistari sita ni kama ya mtoto wa darasa la kwanza.

Alipomaliza kusoma akanyoosha mkono nikampa ufunguo, ambao mhudumu alikuwa ameshaniachia. "Huu nitakaa nao mwenyewe kwanza," akasema. Sasa naosha vyombo na kufuta vumbi, mlango ukiwa wazi. Nilipokuwa natoka akaniita. "Mjomba wako anapatikana wapi?" Nikamwandikia anwani ya yadi.

Tindikali bado iko kwa zinki. Nimeomba niiondoe, mhudumu akasema atakayekuja ataiondoa. Anaondoka tarehe thelathini na hajulikani atakayekuja.

Jioni, kabla mlango haujafungwa, nasimama mbele ya rafu za chini na kuiuliza kila chupa swali lako. Usiulize kitu ni nani, ulikuwa unasema, uliza kitafanya nini kikikutana na maji, na kikikutana na jirani yake. Nilikuwa nalijua swali hilo hata siku ile. Sikuuliza.

Mapazia ya chumba cha mbele yameanza kupauka upande wa jua.

Mpwa wako,
Sisimizi


Tarehe 23 Juni

Sisimizi,

Marahaba. Barua yako ya Aprili niliisoma mara moja, nikaiweka chini ya godoro, nikawa nalala juu yake kama mtu aliyelalia jiwe. Nilikasirika, na sitakudanganya. Yule mtoto wa miaka kumi na minne nilimkasirikia siku mbili tu. Huyu wa kumi na nane nimemkasirikia wiki nyingi. Nilikuandikia mara mbili nikazichana, kwa sababu zilikuwa barua za mtu mbaya.

Halafu siku moja nilifunga lango la yadi nikaondoka. Nimefika kwenye duka la mkate, karibu nusu ya njia, ndipo nikatambua kwamba sikurudi kulitikisa. Nilisimama pale pale nikingoja hofu ije. Muuza mkate akaniuliza, "Mzee, unanunua au unazuia watu?" Nikanunua. Asubuhi nililikuta lango limefungwa kama nilivyolifunga. Wenzangu wameona pia. Wanasema sasa watafute jina lingine, hili limeisha muda wake.

Mwalimu mkuu ameniandikia. Barua yake haina salamu, unamjua. Kuna swali moja ndani yake na nimeshalijibu. Bosi nimemwambia, akanuna, akasema sumaku niiache, ni ya yadi.

Kuna kitu na mimi nimekaa nacho. Nilikufundisha swali, lakini sikukwambia kwa nini ile chupa moja ilikaa juu peke yake. Uliniuliza mara moja, ulikuwa mdogo, nikakujibu utajua ukikua. Nilifurahia kuwa mtu pekee anayejua. Hilo halikufutii lako. Sijamaliza kukasirika, nitamalizia huko, na wewe utavumilia.

Mwambie dada koti alipunguze kiunoni. Asije stendi kunipokea, ngazi za pale ni nyingi kuliko za nyumbani. Nitafika kabla ya tarehe thelathini.

Tindikali itoe kwa zinki leo, usingoje ruhusa ya mtu, sema nimesema mimi. Rafu za chini na za kati anza kuzipanga unavyojua, kwa swali lile, na ukikwama acha chupa mezani.

Rafu ya juu usiiguse. Nitaipanga mwenyewe.

Mjomba